Mama Simiyu Alipoambiwa Aache Chai

Ninyi niliowaacha wodini mnachoma sindano vizuri kuliko nilivyochoma mimi nikiwa na umri wenu, na mashine mnazijua. Hayo sitawafundisha. Mmoja wenu aliniomba niandike niliyoyaona katika wodi ya upasuaji, tangu nilipoingia nikiwa msichana mwembamba kutoka Kitui hadi siku niliporudisha funguo za kabati la dawa. Nimeketi kuandika, na kila nikianza najikuta naandika juu ya chai. Mtanisamehe. Katika mji huu wa Nairobi ni wagonjwa wachache unaoweza kuwapasua kabla hujazungumza nao kuhusu chai.

Nilianza kazi katika ile hospitali ndogo iliyo karibu na Kawangware, wakati barabara ya mbele ilikuwa matope masika na vumbi kiangazi. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Awuor, mwanamke mrefu, mtaratibu, ambaye hakuwahi kukimbia hata kukiwa na dharura. Alisema muuguzi akikimbia, wagonjwa huanza kukumbuka dhambi zao. Saa yake aliibana kifuani, uso ukining'inia chini, na mshipa wa mgonjwa aliupima kwa vidole hata baada ya kuletewa mashine. Alisema mashine inakupa namba, lakini vidole vinakuambia kama mtu anaogopa.

Siku yangu ya kwanza alinipa mtu wa mjengo, kibarua wa ujenzi, aliyekuja kutengenezwa ngiri. Nilimuuliza kama amekula. Akasema hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nilikuwa nafunga faili Sista Awuor aliposimama nyuma yangu.

"Baba, leo umeamkaje?" alimuuliza.

"Vizuri, sista."

"Ukaosha uso?"

"Nikaosha."

"Halafu?"

"Halafu nikakunywa chai."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa. Lakini sijakula."

Upasuaji ukaahirishwa. Yule mzee alitutazama kama watu tuliomwonea, na kwa akili yake alikuwa na haki. Chai si chakula. Hilo kila mtu Kawangware anajua. Lakini maziwa yakiwa tumboni ni chakula, na mtu aliyelazwa usingizi wa dawa akitapika, matapishi yanaweza kushuka kwenye mapafu asiamke tena. Jioni Sista Awuor aliniambia maneno ambayo nimewarudishia wengi wenu: "Mgonjwa hakudanganyi. Anajibu swali ulilouliza. Ukiuliza vibaya, jibu la kweli litamuua."

Katika miaka iliyofuata nilijifunza upande wa pili wa chai, ule unaokuja mtu akiikosa. Mgonjwa ametoka salama, kidonda kikavu, homa hana, halafu kesho yake unamkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mara ya kwanza niliogopa sindano ya ganzi ya mgongo, maana hiyo nayo huleta maumivu ya kichwa. Sista Awuor alinifundisha kutofautisha. Kichwa cha sindano kinauma mtu akiketi, akilala kinatulia. Kichwa cha chai hakijali umelala au umesimama. Alikuwa akipita kando ya kitanda na kunong'ona, "Huyu anaumwa na kikombe." Basi tukaanza kuwaambia wagonjwa wapunguze kidogo kidogo wakiwa bado nyumbani. Wengi walisema ndiyo, sista. Nanyi mnajua ndiyo ya mgonjwa inavyokuwa.

Sista Awuor alistaafu akarudi kwao Siaya, nami nikakaa kwenye kiti chake bila kuwa na urefu wake. Ni katika miaka hiyo, si zamani sana, ndipo alipokuja Nekesa.

Nekesa alikuwa mwanamke wa Bungoma aliyekuwa akiishi Silanga, kule Kibera inakoishia kwenye bwawa. Kazi yake ilikuwa mama fua. Alizunguka kwenye maploti na estate akiita geti kwa geti kama kuna nguo za kufua. Sisi tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Simiyu. Alikuja na uvimbe wa tezi shingoni, ukubwa wa embe dogo, na tezi yenyewe ilikuwa imeharibika, ikimwendesha mwili mbio. Alikuwa amekonda, mikono ikitetemeka, macho yamemtoka kidogo, anatoka jasho asubuhi ya baridi. Nilipomshika mkono, mshipa wake ulikuwa ukikimbia kama mtu anayefukuzwa.

Daktari wetu wa upasuaji, Daktari Wachira, alimweleza vizuri. Uvimbe lazima utoke, lakini moyo ukiwa na mbio namna hiyo hawezi kumpasua. Moyo unaweza kusimama juu ya meza. Akampa dawa za kutuliza tezi na nyingine za kupunguza mbio za moyo. Kisha akauliza habari za chai, maana nayo huongeza mbio za moyo.

"Nakunywa tu kama watu wote," alisema Nekesa.

Mimi nikauliza kwa mtindo wa Sista Awuor, kuanzia kuamka. Ikatokea kwamba alikunywa strungi asubuhi, chai isiyo na maziwa, nyeusi kama lami. Akanywa nyingine kwa tajiri wa kwanza aliyempa nguo, nyingine kwa wa pili, na jioni akamalizia iliyobaki kwenye sufuria. Daktari akamwambia aiache yote, siku hiyo hiyo. Nekesa akaitikia kwa kichwa.

Aliporudi kliniki, moyo ulikuwa vilevile. Dawa alikuwa amekunywa, vidonge vilivyobaki vilionyesha hivyo. Chai je?

"Nimeacha. Kabisa kabisa."

Tukampa muda zaidi. Akarudi, hali ileile, na safari hii amekonda zaidi. Alipotoka, Daktari Wachira aliweka kalamu mezani.

"Ndinda, huyu mama anatudanganya."

"Anasema ameacha, daktari."

"Yeye anasema. Moyo wake unasema lingine. Kuna watu wanangoja hiyo nafasi. Akija tena hivi, nitamtoa."

Sikujua nimwamini nani. Daktari Wachira hakuwa mtu mbaya. Nilimwona mara nyingi akibaki na mgonjwa wakati wenzake wameshaenda nyumbani. Na ni kweli kwamba uvimbe ule ukiendelea kukua ungemkaba pumzi. Akiondolewa kwenye foleni angerudi mwisho, na kwa jinsi alivyokuwa anakwisha, sikuona kama angefika mbele tena. Siku yangu ya mapumziko nikavaa viatu vya kutembelea, nikaenda Silanga.

Nilipita Makina, nikashuka na njia nikiuliza. Kwa mama fua huhitaji namba ya nyumba, unafuata kamba zenye nguo. Nilimkuta mlangoni ameinama kwenye karai, mikono ndani ya povu. Alishtuka kuniona, akajifuta kwa leso, akanikaribisha ndani. Mumewe, Barasa, alikuwepo. Alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwenye geti moja upande wa Lavington, na asubuhi ile ndiyo kwanza alikuwa amefika na bado hajalala. Mwanaume mpana, mpole, mwenye sauti ya chini.

Sufuria ilikuwa juu ya jiko na chai ndani. Nikaitazama. Barasa aliniona nikiitazama.

"Hiyo ni yangu, sista," alisema. "Yeye hagusi. Siku hizi hata hawezi kukaa nayo ndani ya nyumba."

"Harufu inanimaliza," Nekesa alisema.

Barasa akanieleza polepole. Yeye hurudi kutoka kazini alfajiri, mke naye hutoka kutafuta nguo kukipambazuka. Kwa miaka yote waliyoishi Nairobi, saa yao ya kuonana ilikuwa ile ya katikati, wameketi kwenye kitanda, kikombe mkononi, wakiambiana habari za Simiyu na za nyumbani Bungoma. Tangu hospitali ikataze chai, Nekesa alikuwa anatoka kabla mumewe hajaingia, ili asiisikie harufu, na hata asubuhi ile, aliyokuwa na nguo za kufulia nyumbani, alikuwa amekaa nje ya mlango.

"Mlimnyima chai," Barasa alisema, bila hasira, "mkaninyima bibi."

Nikamgeukia Nekesa, nikamuuliza anakula nini asubuhi sasa.

"Si mlisema niache?"

"Tulisema chai."

"Chai ndiyo tulikuwa tunakula, sista. Na mandazi. Mandazi bila chai unaimezaje?"

Ndiyo sababu alikuwa amekonda. Alikuwa anainama juu ya karai tangu asubuhi bila kitu tumboni. Nilikuwa bado nalifikiria hilo alipoingiza mkono kwenye fundo la leso, akatoa pakiti ndogo, akararua, akatia vidonge viwili mdomoni na kusukuma kwa maji. Alifanya haraka kama mtu anayefunga kifungo cha shati.

"Hiyo ni dawa gani, Mama Simiyu?"

"Ya kichwa. Tangu niache chai hii kichwa inataka kupasuka. Bila hii siwezi kuinama."

"Unakunywa mara ngapi?"

"Ikiuma."

"Na inauma mara ngapi?"

Alicheka kidogo. "Haiachi."

Dawa zile nilizijua, nanyi mnazijua. Zinauzwa kila kioski, kando ya kiberiti na sabuni. Ndani yake kuna aspirini, na ndani yake kuna kafeini, kitu kilekile kilichomo kwenye chai, ndiyo maana kichwa hutulia haraka namna ile. Nekesa alikuwa ameacha chai ya kikombe na kuirudisha kwa vidonge. Na hilo halikuwa baya zaidi. Aspirini huzuia damu kuganda. Tezi ya shingo imezungukwa na mishipa mingi ya damu. Kama moyo wake ungetulia hata kidogo wakati ule, tungemlaza, tungempasua, na tusingeweza kuizuia damu.

Nilimweleza.

"Sista, hii si chai."

"Najua."

"Mlisema chai. Hakuna mtu alisema dawa ya kichwa."

"Najua, mama. Hatukukuuliza."

Akaketi kitandani. Ndipo nilipomwona anaogopa, kwa mara ya kwanza. "Daktari anasema mimi ni mwongo," alisema. "Niliona vile aliniangalia."

Kesho yake nilimweleza Daktari Wachira. Akavua miwani, akaifuta kwa koti ingawa ilikuwa safi. Alichosema ni hiki tu: "Mlete tuanze upya." Nekesa alipokuja, daktari alisimama kumpokea, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akamwambia, "Mama, ulisema kweli." Niliona mabega ya yule mwanamke yakishuka.

Safari hii tulifanya kama ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo. Vidonge vya kioski viliondoka vyote, na kichwa kikiuma sana apewe dawa isiyo na kafeini wala aspirini. Chai irudi, lakini kidogo, majani machache, kisha machache zaidi, mpaka ibaki maji yenye rangi, kisha maji. Asubuhi anywe uji wa wimbi, tena mzito. Barasa aliyasikiliza haya akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe.

"Basi tutapunguza pamoja," alisema.

Nilimwambia hakuna haja. Yeye si mgonjwa, na kazi yake ni ya kukesha.

"Nitakunywaje mbele yake?"

"Kunywa kazini."

Alitikisa kichwa. "Ninywe huko, nije hapa nikae naye nikijifanya? Hapana, sista."

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Wanaume wengi huahidi mambo mbele ya muuguzi.

Wiki zikapita. Kila alipokuja, nilimshika mkono kabla ya mashine, na kila mara mshipa ulikuwa umepunguza mbio. Uji ulimrudishia mashavu kidogo. Siku moja nilipima nikahisi mapigo yake yakitembea kama ya mtu anayekwenda sokoni bila haraka, nikamwita Daktari Wachira aje kuhisi mwenyewe. Tarehe ikapangwa.

Asubuhi ya upasuaji nilifika nikamkuta Barasa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la wodi, alikokesha usiku kucha. Kichwa kilikuwa kinaanguka kifuani, anajiamsha, kinaanguka tena. Nikampelekea maji. Nikamuuliza kama amepewa ruhusa kazini.

"Kazi iliisha, sista."

"Iliisha vipi?"

"Nililala." Aliangalia mikono yake. "Miaka yote sijawahi kulala kwa geti. Bila chai usingizi ulikuja kama ukuta umeniangukia. Supervaiza alinikuta kwenye kiti. Hata hakupiga kelele. Aliniambia niweke rungu chini."

"Kwa nini hukurudia chai?"

"Ilikuwa imebaki kidogo tu afike hii siku."

Alikuwa amemwambia Nekesa kwamba amehamishiwa zamu ya mchana. Kila asubuhi waliketi pamoja wakinywa uji, kisha yeye akatoka, akatembea mpaka Kawangware kusimama na vibarua wengine kungoja mtu wa kuwachukua. Siku nyingine walichukuliwa, siku nyingine hawakuchukuliwa.

"Usimwambie," alisema. "Akijua ataamka kwa hicho kitanda aende."

Nilimwahidi.

Ndani, Nekesa alikuwa amelala amenyooka, macho kwenye dari. Nilimuuliza maswali yote, kuanzia kuamka. Hakuna kilichopita mdomoni. Tulipokuwa tunasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji alinishika kifundo cha mkono.

"Sista Ndinda, kuna watu huingia hapo na hawatoki?"

Wengi wenu mngesema usijali, mama. Mimi sikuweza kumpa jibu la namna hiyo, mtu ambaye tulishamwita mwongo naye alikuwa akisema kweli.

"Wapo," nilisema. "Wachache, lakini wapo."

Alifumba macho. "Sawa. Twende."

Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Uvimbe ulikuwa umezama nyuma ya mfupa wa kifua na kushikamana na kila kitu. Mahali pamoja damu ilianza kutoka kwa nguvu, ikasikika sauti ya Daktari Wachira tu akiomba vifaa, kimoja baada ya kingine. Ikazibwa. Sitaki hata kufikiria siku hiyo ingekuwaje na aspirini mwilini mwake.

Alipoamka, daktari aliinama akamwambia aseme jina lake. Ndivyo tunavyofanya baada ya kupasua shingo, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita hapo hapo. Nekesa alifungua mdomo. Kilichotoka ni pumzi yenye mikwaruzo. Alijaribu tena, nikasikia "Nekesa," kama mtu anayesema akiwa mbali, upande wa pili wa ukuta. Daktari alimwambia huenda ikarudi. Ilirudi nusu. Mnapowaeleza wagonjwa mambo ya shingo, waambieni hilo kabla, si baada.

Miezi michache kabla sijastaafu nilikwenda Silanga kumwona. Niliwakuta kwenye kipande cha shamba kando ya bwawa ambacho jirani aliwaachia walime. Barasa alikuwa mbali kidogo, chini kwenye sukuma wiki, akimwagilia kwa kopo. Nekesa alikuwa amenenepa. Kovu lilikuwa mstari mwembamba shingoni, wala hakulifunika. Alinipa kigoda na kikombe cha uji, tukaketi tukimtazama mumewe akifanya kazi.

"Sista," alisema kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, "siku ile ya operesheni ulijua kazi ya Baba Simiyu imeisha?"

Nikainamia kikombe changu. Nilikuwa nimeahidi.

"Usiogope. Mimi nilijua kabla yako." Akatabasamu. "Alisema amepewa zamu ya mchana. Lakini yunifomu haikuja kwa karai hata siku moja. Mimi nafua nguo za watu, sista. Nitakosa kujua nguo ya bwanangu?"

"Na hukumwambia."

"Ile asubuhi nilikuwa nimeamua nitoroke. Nilikuwa nimevaa viatu. Dada yangu aliingia operesheni huko nyumbani hakutoka. Sijawahi kuwaambia hiyo. Nikasimama kwa dirisha niangalie kama njia iko wazi, nikamwona hapo chini kwa benchi, usingizi unamwangusha, anajiamsha, unamwangusha." Akamtazama mumewe kule chini. "Nikasema, nikitoka hapa, nitamwambia nini? Kwamba niliogopa? Nikavua viatu, nikarudi kwa kitanda."

"Ungemwambia sasa. Mambo yamepita."

"Hapana. Anafurahi akidhani alinificha. Muache hivyo."

Chakula kilikuwa tayari kwenye jiko pembeni yetu. Alifungua mdomo kumwita mumewe, akaufunga. Kwa sauti ile asingemfikia. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa mwiko mara mbili. Kule kwenye sukuma Barasa aliinua kichwa, akaweka kopo chini, akaja.